Ol-in-wani ya watoto nyumbani, bajeti laki nane, hapa Mwanza: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

#1 Mama wa Nyakato

Wakuu habari za leo. Poleni na mvua mlioko mjini.

Nina watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha tatu, wa kati darasa la sita, mdogo ndiyo kwanza anajua kuandika jina lake. Nataka kompyuta moja ikae mezani sebuleni, mbele ya macho ya kila mtu, isibebwe kwenda chumbani usiku. Kwa hiyo naomba sana tusianze na "mama chukua laptopu", hiyo nimeshaikataa.

Sebule si kubwa, ndiyo maana nimevutiwa na hizi desktopu za ol-in-wani, ambazo mashine yote imejificha nyuma ya kioo na waya wa umeme ni mmoja. Nimepita maduka ya Makoroboi na mtaa wa Rwagasore, nimebakiwa na tatu kichwani.

Ya kwanza mpya, iko kwenye boksi: Celeron J4025, ramu 4, kioo inchi 22, wanataka 780,000. Ya pili HP EliteOne 800 G1, mtumba wa Uingereza, i5, ramu 8, diski ya kuzunguka (hadi diski) ya 500, wanataka 450,000. Ya tatu iMac ya 2013, nyembamba, nzuri mno kwa macho, i5, ramu 8, wanataka 650,000.

Bajeti yangu laki saba, nikijikaza laki nane na nusu, na humo humo kibodi, mausi na kinga ya umeme. Kazi zake ni kuandika mambo ya shule, kusoma vitabu mtandaoni, video za masomo ya sayansi, na mimi mwenyewe hesabu za biashara ya dagaa kwenye Excel. Kijana wa dukani kaniambia "i5 ni i5 tu mama, zote moja". Ni kweli?

#2 Fundi Kirumba

Dada karibu. Umetaja hela, umetaja kazi, umetaja na mashine zenyewe. Hapo mtu anaweza kukujibu vizuri.

Si kweli kwamba i5 ni i5. Hilo neno ni daraja tu la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, linalotaja umri ni namba inayofuata. i5-4590S ni kizazi cha nne, ilitoka 2014. i5-6500 ni kizazi cha sita, 2015. i5-8500 ni kizazi cha nane, 2018. Unaangalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari, na namba ikiwa na tarakimu tano unaangalia mbili za kwanza, kwa mfano i5-10500 ni kizazi cha kumi. Herufi ya mwisho nayo ina maana: T ni ile inayokula umeme kidogo, wati 35, na utaikuta sana kwenye ol-in-wani kwa sababu ndani hakuna nafasi ya kupoza prosesa ya moto.

Kizazi kina uzito sana sasa hivi kwa sababu ya Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wa nyumbani wamepewa mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa kujiandikisha, mpaka Oktoba 2026, basi. Windows 11 kwa utaratibu wake inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kuna vijana wanaipachika kwenye kizazi cha nne kwa kuruka ukaguzi. Inaingia na inawaka, ila Microsoft hawajakuahidi chochote kwenye mashine hiyo, na siku sasisho kubwa likigoma unabaki nalo mwenyewe.

Sasa tatu zako.

Hiyo Celeron mpya mimi nisingempa hata jirani yangu anunue. J4025 ina viini viwili tu. Windows 11 inaikubali, lakini kukubalika na kwenda ni mambo mawili. Fungua Excel, weka video, mtoto afungue kurasa tano za mtandao, utaona gurudumu linazunguka. Na ramu 4 ni ndogo kuanzia siku ya kwanza. Boksi jipya linauza sana, na waliotengeneza mashine hiyo wanajua hivyo.

EliteOne 800 G1 ni kizazi cha nne. Mwili wake ni imara, ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi makubwa, inafunguka kwa urahisi na spea zipo. Kwa 450,000 ni ghali kidogo. Ikishuka hadi laki tatu na nusu, ukatoa hiyo hadi diski ukaweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka), ukaweka Linux, mfumo wa bure, badala ya Windows, inakuwa mashine ya heshima.

iMac ya 2013 iache. Kioo chake kimebandikwa kwa gundi, ukitaka kubadilisha diski lazima kioo king'olewe, na kwa ile ya inchi 21.5 hata kuongeza ramu, na hapa mjini si kila fundi atakirudisha salama. Halafu mfumo wake rasmi unaishia Catalina, ambao Apple walishaacha kuuhudumia muda mrefu.

Hizi namba zihifadhi kwenye simu uende nazo dukani. HP EliteOne 800: G1 kizazi cha nne, G2 cha sita, G3 cha sita au cha saba, G4 cha nane. Dell OptiPlex za ol-in-wani: 9020 cha nne, 7440 cha sita, 7450 cha sita au cha saba, 5260 na 7460 cha nane. Lenovo ThinkCentre: M93z cha nne, M900z cha sita, M820z na M920z cha nane. Kwa bajeti yako lenga kizazi cha nane.

#3 Ngosha wa Igoma

Mwadila wakuu. Fundi nakuheshimu lakini hapa nitakupinga. Kwa nini anunue ol-in-wani kabisa? Kwa laki nane anapata CPU, lile boksi la kompyuta la mezani, ya kizazi cha nane na monita ya inchi 22 na chenji inabaki. Monita ikifa anabadilisha monita. CPU ikifa anabadilisha CPU. Ol-in-wani ni ndoa ya Kikatoliki, kioo, bodi na pawa saplai havitengani. Huku kwetu umeme unavyokatika na kurudi kwa kishindo, kitu cha kwanza kuondoka ni pawa saplai. Ya CPU ya kawaida unaipata mtaani siku hiyo hiyo. Ya ol-in-wani unaagiza Dar unakaa wiki.

#4 Mama wa Nyakato

Ngosha nimekuelewa, lakini meza yangu ina upana wa mkono mmoja na juu yake kuna redio. CPU nikiiweka chini, mdogo ataichezea na maji ya deki yataifikia. Fundi, hilo la pawa saplai ni kweli?

#5 Fundi Kirumba

Ni kweli, na Ngosha hajakosea. Ndiyo maana kwenye ol-in-wani naangalia kwanza umeme unaingiaje.

Zipo za aina mbili. Zipo zenye adapta ya nje, ile tofali nyeusi kama ya laptopu ila kubwa zaidi, na zipo zenye pawa saplai ndani ya mwili. Ya nje ikiungua unanunua adapta nyingine yenye volti, wati na kichwa kile kile, umemaliza, mashine haijafunguliwa. Ya ndani ina umbo lake maalumu, na umbo la G1 si la 7440. Kwa mtu wa Mwanza, mashine mbili zikilingana kwa mengine yote, mimi nachagua yenye adapta ya nje.

La pili ni kinga. Watu wananunua mashine ya laki nane halafu wanaichomeka kwenye ekstensheni ya elfu saba. UPS, lile boksi la betri linaloishika mashine umeme ukikatika, ya 650VA ni lazima, si ya kuweka mwezi ujao ukipata hela. Ol-in-wani ya ofisi ikifanya kazi za kawaida inakula wati 40 hadi 60, kwa hiyo UPS ndogo yenye betri nzima itakubeba robo saa hadi nusu saa. Muda huo unatosha mtoto kuhifadhi kazi yake na kuzima taratibu. Ukiacha hiyo akiba, UPS inapokea lile pigo la umeme unaporudi. Fridge gadi si mbadala, yenyewe inakata na kuchelewesha tu, mashine inazimika ghafla vile vile.

Na radi. Tunaishi kando ya ziwa lenye ngurumo nyingi kuliko karibu kila sehemu ya Afrika. Mvua ya usiku ikianza kupiga, chomoa kwenye soketi ya ukutani, pamoja na waya wa intaneti kama unao. UPS haizuii radi iliyopiga karibu.

Mtu akiuliza kuhusu bili: wati 50 kwa saa sita kila siku ni yuniti 9 kwa mwezi. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, kama shilingi 350 hivi kwa yuniti, ni elfu tatu na kidogo. CPU kubwa na monita yake inaweza kula mara mbili ya hapo.

#6 Ticha Sengerema

Wakuu salaam. Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo kwa sababu na mimi nina swali linalofanana, ila langu ni la shule. Shule yetu ni ya kata, wazazi na waliohitimu zamani wamechanga milioni tisa. Tuna chumba, tuna umeme wa REA, tunataka mashine kumi na mbili. Kamati inataka ol-in-wani kwa sababu chumba kitapendeza na wageni wakija waone. Mimi ndiye nitakayebaki nazo. Fundi wa karibu wa uhakika yuko Mwanza mjini, ingawa tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 walau hatupangi tena foleni ya kivuko tukiwa na kompyuta mapajani.

#7 Fundi Kirumba

Mwalimu, shikamoo. Kwako jibu langu linageuka.

Mama wa Nyakato ana mashine moja, watoto wake watatu, na duka liko daladala moja tu kutoka kwake. Wewe una wanafunzi mamia watakaopita kwenye kioo kile kile, na fundi yuko mbali. Shuleni kinachokufa mara nyingi ni kioo kilichogongwa, tundu la USB lililovunjwa, na pawa. Kwenye ol-in-wani kioo kikipasuka, mwanafunzi mmoja amekosa kila kitu mpaka spea ifike.

Hapa kamati inaweza kupata chumba chenye kupendeza na wewe ukapata usingizi. Zipo CPU ndogo sana, ukubwa wa kitabu kinene: HP wana ProDesk na EliteDesk Mini, Dell wana OptiPlex Micro, Lenovo wana ThinkCentre Tiny. Zote zina adapta ya nje, na kwa bamba lake maalumu zinafungwa kwa skrubu nne nyuma ya monita yenye matundu hayo. Mgeni akiingia anaona ol-in-wani. Wewe unajua ni vitu viwili. Monita ikipasuka, unafungua skrubu nne, unaweka monita nyingine, kipindi kinaendelea.

Kwa bei ninazoziona mjini, CPU ndogo ya kizazi cha nane yenye ramu 8 na SSD inazunguka laki nne na nusu, monita ya mtumba laki na thelathini hivi. Kumi na mbili zinakula kama milioni saba. Milioni mbili zinazobaki usiruhusu zigeuke viti vya kuzunguka. Ni za fundi umeme avute laini ya chumba hicho peke yake yenye swichi yake kuu na waya wa ardhi uliopimwa, na za UPS. Jambo moja usilegeze: zote kumi na mbili ziwe modeli moja, namba ile ile. Baada ya miaka mitatu moja ikifa, ramu yake, adapta yake, SSD yake na feni yake vinahudumia kumi na moja zilizobaki. Shule iliyonunua mchanganyiko, moja HP, moja Dell, moja haina jina, kila ugonjwa unakuwa mpya.

#8 Ticha Sengerema

Marahaba fundi. Hilo la modeli moja ntalisimamia kwenye kikao. Na intaneti? Bando la kulisha mashine kumi na mbili hatuna.

#9 Binti Bwiru

Mwalimu hapo nakusaidia, nimefanya hii kazi shuleni. Msitegemee bando. Kuna programu ya bure inaitwa Kolibri, inawekwa kwenye mashine moja tu, mnapakua masomo mara moja mahali penye intaneti nzuri, halafu mashine nyingine zote zinayasoma kutoka kwa hiyo moja kwa waya wa ndani. Hakuna hata MB moja inayotoka. Kiwix nayo mnaweka Wikipedia nzima ya Kiswahili, inafunguka bila mtandao. Hesabu kuna GeoGebra, wadogo kuna GCompris. Vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hivyo vinasomwa mkiwa na mtandao, kwa hiyo pangeni mashine mbili tatu tu za kuingia huko.

Na tafadhali sana, mashine inayobeba Kolibri iwe na UPS yake peke yake. Hiyo ikizimika vibaya darasa zima limesimama.

#10 Mvuvi wa Ukara

Nami niulize wakuu. Huku kisiwani umeme wetu ni wa jua, unakuja kwa mita, na mimi nina paneli zangu za pembeni. Ol-in-wani inafaa au nibaki na laptopu?

#11 Fundi Kirumba

Ukara baki na laptopu, kaka. Laptopu ya ofisi inakula nusu ya ol-in-wani au chini ya hapo, na betri yake ndiyo UPS yako. Ukilazimika kuweka ya mezani, chukua yenye prosesa ya herufi T, na inveta iwe ya wimbi safi. Inveta za bei rahisi zenye wimbi la ngazi zinatesa pawa saplai, utasikia inaimba. Na kioo kikubwa kwenye meli ya Nansio kisafiri kimesimama kwenye boksi lake, uso wa kioo ukitazama sponji, kamwe kisilazwe chini ya magunia.

#12 Ngosha wa Igoma

Fundi, umemwambia mwalimu kile kile nilichomwambia mama. CPU ndogo nyuma ya monita. Kwa nini mama asichukue hiyo?

#13 Fundi Kirumba

Anaweza, na ni chaguo zuri. Tofauti ninayoiona ni hii: kwa mashine moja ya nyumbani, ol-in-wani ya ofisi mara nyingi inakuja na spika, kamera na maikrofoni ndani. Kwa CPU ndogo hivyo vyote unanunua pembeni na kila kimoja kinakuja na waya wake na tundu lake. Mama anataka meza safi na watoto watafuatilia vipindi vya mtandaoni. Akipata ol-in-wani ya kizazi cha nane kwenye bajeti, achukue. Asipoipata, arudi kwenye njia yako.

Lakini asinunue bila kupima. Dada, muuzaji anayekukatalia kukaa na mashine nusu saa hajakuuzia kitu, umwage.

Kwanza iwake ikiwa ya baridi, isiwe imeshapashwa kabla hujafika. Ingia BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka: HP unabonyeza F10, Dell F2, Lenovo F1. Ikikuomba nenosiri, hiyo mashine ilikuwa ya ofisi fulani Ulaya na hawakuifungua. Mwambie aifungue kwanza, asipoweza ondoka. Humo humo soma jina la prosesa, ramu na namba ya utambulisho ya mashine (serial namba), linganisha na stika ya nyuma na kile alichokuandikia.

Kisha fungua ukurasa mweupe ujaze kioo kizima. Tafuta nukta zilizokufa, mistari, na kingo zilizopiga manjano au giza. Geuza uwe mweusi, tafuta mwanga unaovuja. Kumbuka kioo hiki huwezi kukitenganisha, kwa hiyo doa dogo unalolivumilia leo utaliangalia miaka mitano.

Kisha waifai. Hapa wengi wanaumia. Maofisi ya Ulaya yalitumia waya, kwa hiyo ol-in-wani nyingi za mtumba hazina kadi ya waifai kabisa ndani. Muuzaji anakuonyesha intaneti kwa kijidude cha USB alichochomeka nyuma, ukifika nyumbani hakipo. Chungulia nyuma, kisha washa hotspoti ya simu yako uone kama inaikamata.

Weka video ya ubora wa juu iende dakika ishirini huku ukipima mengine: kamera, maikrofoni, kila tundu la USB kwa flashi moja, spika zote mbili. Baada ya hapo weka mkono nyuma. Joto ni kawaida, lakini feni ikipiga kelele muda wote wakati inacheza video moja, ndani kuna vumbi la miaka au pesti ya kupozea imekauka. Hiyo inatibika, ila bei ishuke.

Diski pima kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure, iendeshe kutoka kwenye flashi yako. Ikiandika rangi ya njano au nyekundu, diski hiyo ihesabu haipo. Tena kama ni hadi diski ya kuzunguka, itoe hata ikiwa nzima. Ukiweka SSD ya 256, mashine ya kizazi cha sita itawaka haraka kuliko mpya yenye hadi diski.

Mwisho soma maandishi ya pawa saplai. Yawe 100–240V. Plagi ya pini tatu za bapa kutoka Uingereza inaingia moja kwa moja kwenye soketi zetu, ya pini mbili za mviringo ni waya tu wa kubadilisha.

#14 Mdau Mkolani

Nyongeza kuhusu risiti. Dai risiti ya EFD na serial namba ya mashine iandikwe kwa mkono pembeni, na muda wa waranti. Mashine za mtumba nyingine zina historia mbaya. Siku polisi akiuliza, risiti ndiyo inayosema wewe ulinunua.

#15 Mama wa Nyakato

Nimerudi wakuu. Niliwasikiliza, sikununua yoyote kati ya zile tatu. Duka jingine, njia ya kwenda Pamba, nimekuta HP ProOne 400 G4, kioo inchi 20, i5-8500T, ramu 8, SSD 256, adapta ya nje. Walianza 790,000, tumefika 720,000. BIOS imefunguka bila nenosiri, kioo cheupe hakina doa. Waifai ndiyo kama fundi alivyosema, nyuma kulikuwa na kijidude cha USB. Nikawaambia kibaki nacho kwenye bei au waweke kadi ndani, wamekubali kuweka kadi. UPS nimeambiwa 110,000. Naenda kuichukua Jumamosi.

Kioo cha inchi 20 si kidogo? Na wamenipa kibodi yenye herufi za ajabu, Z iko palipotakiwa kuwa Y.

#16 Binti Bwiru

Hongera dada, hiyo mashine ni nzuri, na ina Windows 11 ya haki kabisa. Hakikisha tu kwenye mipangilio imeandikwa kwamba imewashwa kwa leseni, isiwe ile ya kupachika.

#17 Fundi Kirumba

Wabeja dada kwa kurudisha majibu, wengi wakishanunua hawaonekani tena.

Inchi 20 kwa meza yako inatosha. Mtoto anakaa karibu, haangalii kutoka kwenye kochi. Viini sita vya i5-8500T na hiyo SSD vitawafikisha mbali kuliko inchi mbili za ziada. Ramu 8 anza nayo. Ikilemewa mwakani, inakubali kipande cha pili cha DDR4 cha aina ya laptopu, kazi ya dakika chache.

Kibodi hiyo ni ya Ujerumani. Usiwafundishe watoto kwayo hata kama ukibadilisha lugha kwenye Windows, maana kilichochorwa na kinachotoka havitafanana, na mtoto wako mdogo ndiyo kwanza anajifunza herufi. Waambie wakupe ya Uingereza au Marekani, wanazo. Wakikataa, mpya ya kawaida ni elfu kumi na tano.

Ukiiweka sebuleni, isikae mkabala na dirisha linaloangalia ziwa. Vile vidudu vidogo vya ziwani vinafuata mwanga usiku, na kioo ndicho taa kubwa kuliko zote ukizima za chumba, vinaingia kwenye matundu ya nyuma na kugandamana na vumbi kwenye feni. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya mgongo wa mashine na ukuta, na usiifunike kitambaa cha kudarizi ikiwa inawaka. Kila baada ya miezi sita ilete au mwite fundi aipulize.

#18 Mama wa Nyakato

Kitambaa nilikuwa nimeshakinunua. Nitafunika ikiwa imezimwa na imepoa.

#19 Ticha Sengerema

Kamati imekubali CPU ndogo, modeli moja. Fundi, nakutumia ujumbe wa faragha kuhusu ile laini ya umeme ya chumba, nataka nijue waya wa unene gani nimwambie fundi wetu kabla hajaanza kuchimba ukuta.

#20 Fundi Kirumba

Tuma mwalimu. Mashine kumi na mbili za namna hiyo pamoja na monita kwa kazi za kawaida hazifiki hata wati 900, lakini mwambie avute waya wa milimita 2.5 za mraba na agawe soketi kwenye saketi mbili, projekta na printa zikija msirudi kuchimba. Na asifunike ukuta kabla hajakupimia ardhi mbele yako.